Fundo Lifungwe na Mwenye Upinde

Imeenea katika viunga vya Washington, tangu Silver Spring na Rockville upande wa Maryland mpaka Fairfax na Manassas upande wa Virginia, itikadi ambayo wapiga mishale wengi wameipokea bila kuihoji, nayo ni kwamba mwenye upinde kazi yake ni kuvuta na kufyatua basi, na jambo lolote liuhusulo upinde wenyewe, dogo au kubwa, ni haki ya fundi wa dukani peke yake, na athubutuye kulitia mkono ama ni bahili anayezionea uchungu dola zake, ama ni mjuaji anayeitafuta ajali kwa udi na uvumba. Itikadi hii husemwa kwa sauti ya huruma, na kwa kuwa husemwa kwa huruma ni taabu kuikataa pasipo mtu kuonekana safihi. Hata hivyo naikataa. Siikatai yote, maana yako mambo ya upinde ambayo nami humpelekea fundi na kumlipa kwa moyo mkunjufu, na nitayataja mahali pake. Naikataa pale inapofikia kitanzi cha upote, kipande cha uzi chenye urefu wa kidole hivi, ambacho kukifunga ni kazi ya dakika chache, na kutojua kukifunga ni ila kwa mtu aliyekwisha kujiita mpiga mishale.

Msomaji ambaye hajapata kuushika upinde wa siku hizi ataniwia radhi nikitangulia kueleza, kwa sababu mabishano yasiyo na maelezo ni kelele. Upinde ninaouzungumzia ni upinde wa kapi, uliobuniwa na Holless Wilbur Allen, mtu wa Missouri, ambaye aliukata ncha upinde wa kawaida akautia makapi, akapeleka ombi la hataza mwaka 1966, na akapewa haki yake mwezi wa Desemba mwaka 1969 na ofisi ambayo makao yake leo yapo Alexandria, ng'ambo ya mto Potomac. Hekima ya makapi hayo ni kwamba mtu akivuta, uzito hupanda mpaka kilele chake, tuseme ratili 60, kisha karibu na mwisho wa mvuto hushuka ghafla, katika pinde nyingi kwa kadiri ya asilimia 80, hata mvutaji akasalia ameshika ratili 12 tu, naye akapata nafasi ya kutulia, kupumua na kulenga. Lakini upinde huo ni mfupi, na upote wake ukivutwa hufanya pembe kali inayovibana vidole. Kwa hiyo aghalabu hutumiwa kifyatulio, chombo kidogo cha chuma kinachofungwa kifundoni mwa mkono au kushikwa kiganjani, chenye taya lifungukalo kwa kuguswa. Taya hilo likiuuma upote wenyewe, huutafuna uzi wa kinga uliozongwa katikati yake, na huisukuma panda ya mshale kutoka mahali pake. Ndipo nyuma ya mshale hufungwa kitanzi chenye umbo la herufi D, fundo moja juu ya panda na jingine chini yake, na taya hukiuma kitanzi badala ya upote. Nguvu zote za mkono, zikiuendea upinde, hupita katika uzi huo wenye unene wa milimita mbili hivi, na uzi huo, wakati mtu amevuta hadi mwisho, umo karibu na mdomo wake.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu, nayo ndiyo nzito, imetoka hapo hapo mdomoni. Husema kwamba fundo likiteleza wakati upinde umevutwa hadi mwisho, ngumi ya mvutaji humrudia usoni, mshale huondoka kuelekea pasipokusudiwa, na kama mshale umechomoka upoteni upinde hufyatuka mtupu na huenda ukapasuka mikono yake. Na kwamba hatari ya namna hii haifai kuachiwa mtu aliyejifunza kufunga jana. Maneno haya ni kweli tupu mpaka neno la mwisho kasoro moja. Hatari ipo. Lakini kutoka katika hatari hiyo mpaka hukumu kwamba mwenye upinde asikiguse kitanzi chake pana shimo ambalo wasemaji hawalitazami, kwa sababu wanafikiri kwamba kitanzi hufa siku kinapozaliwa, ilhali vitanzi vingi hufa kwa uzee.

Tazama jinsi kinavyozeeka. Taya la chuma hukiuma mahali pamoja, katikati ya mzingo wake, kila mshale unaporushwa. Mwanzo suka la nje hutoa manyoya machache, mepesi, ambayo mtu huyadhania kuwa ni vumbi. Kisha mahali pale hulainika, hung'aa, hubatapa. Ukipapasa kwa ukucha wa dole gumba utasikia uzi umekuwa mwembamba kuliko pande zake mbili. Baadaye suka hupasuka, na nyuzi za ndani, ambazo mara nyingine rangi yake ni nyingine, huanza kuchungulia. Wakati huo wote mafundo mawili huenda yako salama usalimini kama yalivyofungwa. Hakuna fundi, awe mahiri namna gani, anayeweza kuona mambo haya kutoka dukani kwake, kwa maana yeye upinde huo huuona mara moja katika msimu, au mara moja tangu uliponunuliwa. Anayeweza kuyaona ni yule anayekileta kitanzi hicho usoni mwake kila siku ya mazoezi. Naye hatayaona, ingawa macho anayo, maadamu amefundishwa kwamba kitu hicho si chake.

Katika uwanja mmoja wa Virginia nilipata kusimama kando ya kijana wa pwani ya Kenya, mpiga shabaha mzuri kuliko mimi, na wakati alipokuwa akitia mshale wake nikaona kitanzi chake kimekwisha kutoa nyuzi za ndani, nikamwambia, "Mwanangu, kitazame kitanzi chako kabla hujavuta." Akanijibu kwa adabu zote, "Hakina neno, mzee, alikifunga fundi mwenyewe." Hakukitazama. Jibu lile lina msiba wote wa jambo hili, kwa kuwa kijana hakuwa mzembe wala jeuri. Alikuwa amepewa, pamoja na fundo, hati ya kuamini ambayo haikuandikwa tarehe ya mwisho. Ustadi wa fundi ulikuwa wa siku ile alipofunga, nao ulikuwa ustadi kweli, lakini jina la fundi lilikuwa limedumu kuliko uzi wake. Aliyefunga kwa mkono wake mwenyewe hana jina la kujificha nyuma yake. Hukitilia shaka kitanzi chake, na shaka hiyo, katika mambo yanayokaa karibu na meno ya mtu, ni usalama.

Basi hata tukikubali, kwa ajili ya mabishano tu, kwamba mafundo ya fundi ni bora kuliko ya mwanafunzi, bado itabaki kwamba kukagua ni kazi ya kila siku na kufunga ni kazi ya mara chache, na kwamba asiyejua kitu kinavyofungwa hajui nini cha kukagua. Nitaonyesha kwa nini nasema hivi, kwa kulieleza fundo lenyewe, jambo ambalo wanaoliogofya hawalielezi kamwe.

Hukatwa kipande cha sentimita 11 hivi cha uzi wa vitanzi, uzi wa poliesta uliosukwa kwa kukazana, wala usichukuliwe uzi mwingine wowote kwa kufanana rangi tu, kwa sababu ziko nyuzi imara kuupita huo, kama zile zinazofanyiwa pote zenyewe, ambazo kwa utelezi wake haziwezi kushika fundo fupi. Ncha moja hufumuliwa kidogo kwa kucha, kisha husogezwa kandokando ya moto wa kiberiti cha gesi mpaka iyeyuke na kujikusanya kuwa kichwa cha mviringo, kinene kuliko uzi wenyewe. Rangi ya kichwa hicho ina habari: kilicho laini chenye kung'aa kimeyeyuka vema, kilicho cheusi chenye mapovu kimeungua, nacho kitamomonyoka. Uzi huzungushwa upoteni, hupita juu ya shina lake, huzungushwa tena kwa upande wa pili, na ncha ikapenyezwa chini ya mgongo uliojifanya, kichwa kikabaki nje kulizuia fundo lisitoroke. Fundo la pili hufungwa vivyo hivyo, ila kichwa chake hutazama upande ulio kinyume na wa kwanza, kwa sababu vichwa viwili vikiwa upande mmoja kitanzi hujipinda kila kinapovutwa, na pamoja nacho hujipinda upote, na tundu la kuchungulia lililo juu yake likamgeukia mpiga shabaha mgongo. Mwisho koleo lenye mdomo mwembamba hutiwa ndani ya kitanzi na kufumbuliwa kwa nguvu, tena na tena, mpaka mafundo yaume kabisa. Hapo ndipo kitanzi hujulikana kama kitashika au kitateleza, nacho hujulikana mezani, wala si shavuni.

Aliyepitia hayo mara chache anajua sehemu zote ambazo kitanzi kinaweza kuvunjia ahadi: kichwa, mgongo wa fundo, na mzingo unaoumwa na taya. Anajua kwamba kichwa kilichopasuka ni hatari ijapokuwa mzingo ni mpya, na kwamba manyoya machache mzingoni si hatari bado lakini ni taarifa. Asiyepitia hayo, ukimwambia akague, atatazama kama tutazamavyo maandishi ya lugha tusiyoijua, ataona ni mazuri, ataendelea.

Hoja yao ya pili ni ya usahihi. Husema kwamba kitanzi ndicho kinachoamua mshale ukae juu au chini upoteni, kwamba kikisogea upana wa unyasi mshale hutoka umeinama, na kwamba urefu wake ukizidi au kupungua, urefu wa mvuto nao hubadilika, na mwenye upinde akafika nyumbani na upinde usioujua uso wake. Hili nalo ni kweli. Na kwa sababu ni kweli, ndilo linalonipa mimi haki. Kipimo ni cha nani? Mkono ni wa nani, na shavu linaloguswa na kidole wakati wa kulenga ni la nani? Fundi akifunga kwa kipimo cha kawaida, nafasi ya sentimita moja na nusu hivi kati ya upote na mzingo, amefanya kazi nzuri kwa mtu asiyemjua. Mwenye upinde akiweka rula ya pembe upoteni, akaandika katika kijitabu chake mahali panda ya mshale inapokaa, akatia alama ya uzi mwembamba juu na chini yake ili fundo jipya lirudi pale pale palipokuwa la zamani, kisha akarusha mishale michache kwa karibu na kupima tena, kwa kuwa kitanzi kipya hujinyoosha kidogo kabla hakijatulia, huyo amefunga kwa kipimo cha mtu mmoja tu, ambaye ni yeye. Na siku kikichakaa atafunga kingine chenye urefu ule ule, kwa maana ameuandika, ilhali anayetegemea duka hupata leo kitanzi cha fundi huyu na kesho cha fundi yule, kila mmoja na mkono wake, kisha hujiuliza kwa nini mishale yake imehama.

Najua nitaambiwa kwamba ninaudharau ufundi, na hasa nikiwa mtu wa pwani, ambako fundi ni mtu wa heshima na kila kazi ina wenyewe. Kinyume chake, ni heshima ya kazi iliyonifundisha kutenganisha kazi. Jahazi huundwa na fundi wa majahazi, na hakuna baharia mwenye akili atakayejitia kulipiga mbao au kulitia kalafati mbele ya mwenye ujuzi wake. Lakini henza na demani hufungwa na baharia mwenyewe, baharini, usiku, mvua ikinyesha, na mtu angesema kwamba kamba hizo zisiguswe mpaka chombo kirudi gatini kwa fundi aliyekiunda, angechekwa toka Lamu mpaka Kilwa. Wala fundi haoni kuwa amenyang'anywa mkate wake. Upinde nao una mambo ya gatini na mambo ya baharini. Kuubadili upote wote, kuyafungua makapi, kuyasawazisha mawili yageuke kwa wakati mmoja, kuitoa mikono au kuutia mipya: hayo hutaka jiliwa la kuubana upinde mpaka ulegee, na hutaka mtu aliyezoea jiliwa hilo, kwa sababu upinde wa kapi hata ukiwa umetulia ukutani umebeba nguvu kubwa ndani yake. Hayo mimi simshauri mtu yeyote ayafanye sebuleni kwake. Kitanzi hakihitaji jiliwa, hakihitaji upinde kulegezwa, hakihitaji kufunguliwa parafujo hata moja. Kuyachanganya mambo haya mawili katika katazo moja ni kulidhuru katazo lenyewe. Maana mtu akishagundua kwamba alitishwa bure juu ya uzi wa milimita mbili, hatasadiki tena atakapotishwa kwa haki juu ya makapi.

Tena nashangazwa na duka linalouza upinde wa kapi na kuhubiri kwamba upinde usiguswe na asiye fundi. Allen aliyeukata upinde wake ncha huko Missouri wakati ule hakuwa mwenye duka wala mwenye kiwanda cha pinde, bali alikuwa mtu aliyetaka upinde wake ufanye jambo ambalo haukuwa ukilifanya. Angeitii itikadi hii tunayoijadili, pasingekuwa na kapi, na pasingekuwa na kapi, pasingekuwa na haja ya kitanzi, wala ya fundi wa kukifunga.

Hoja ya wakati nitaipita upesi, kwa kuwa hujiua yenyewe. Husemwa kwamba watu wa jiji hili wana shughuli, na ni nafuu kulipa kuliko kujifunza. Aliyepata kuiendesha gari katika barabara ya mzunguko nambari 495 saa kumi na moja jioni, akitoka Maryland kwenda kwenye duka la Virginia ili afungiwe uzi wa urefu wa kidole, ataniambia ni wapi wakati umepotea.

Lakini upo wakati mwingine ambao si wa kuhesabiwa kwa dakika. Kila mwaka kaunti ya Fairfax huendesha mpango wa kupunguza kulungu kwa mishale, kuanzia Septemba mpaka Februari, kwa kuwa kulungu wa mkia mweupe wamezidi katika vichaka vilivyo kati ya nyumba, wanakula mimea ya msituni na kugongwa na magari. Na wapiga mishale waliokubaliwa, baada ya kufaulu mtihani wa shabaha, huketi madunguni juu ya miti ndani ya bustani za umma, karibu na nyua za watu. Nani asiyeona kwamba hapo hatari ya kitanzi kibovu haimhusu mvutaji peke yake? Mtu huyo amepanda dungu lake gizani, baridi imekaza vidole, glavu zimenasa mara mbili tatu katika uzi, na kwa mwanga wa kurunzi anaona kitanzi kimechanika. Anayejua kufunga atashuka, atatoa kipande cha uzi kutoka katika mfuko wake, atafunga, atavuta kwa koleo, na kama hana njia ya kurusha mshale wa kupimia atakwenda nyumbani akiwa na hakika ya kwa nini anakwenda. Asiyejua atafanya moja katika mawili: atashuka akidhani upinde umekufa, au, na hili ndilo ninaloliogopa, atajiambia kwamba kitavumilia asubuhi hii moja. Katazo lililokusudiwa kumlinda limemfikisha mahali ambapo kuthubutu ndiyo njia fupi.

Kuna kundi jingine, nalo linanikubalia, na kukubaliwa nalo kunanipa haya zaidi kuliko kupingwa na lile la kwanza. Hawa husema kwamba mtu afunge kitanzi chake kwa sababu wazee wetu walifanya hivyo, na hapo huletwa Wahadzabe wa ziwa Eyasi na pote zao za kano za wanyama, na huletwa Waata wa nyuma ya Malindi, ambao kwa pinde zenye mvuto wa zaidi ya ratili 100 na mishale yenye sumu ya msunguti waliangusha ndovu katika nyika ya Tsavo, mpaka David Sheldrick na wenzake walipowakamata wawindaji wao wengi katika miaka ya hamsini. Nawaheshimu wawindaji wale na ninasikitika kwa yaliyowapata, lakini siwaiti mahakamani kuwa mashahidi wangu. Mwata alisokota upote wake kwa kuwa hakukuwa na duka, na jambo lililofanywa kwa dharura si hoja juu ya mtu asiye na dharura hiyo. Angeuziwa upote wa kiwandani, aghalabu angeununua, naye angekuwa na haki.

Ninachokichukua kwa watu wa kale ni kitu kidogo na kikavu zaidi. Kipo kitabu cha Kiarabu juu ya mishale, cha yapata mwaka 1500, kilichofasiriwa kwa Kiingereza na Nabih Amin Faris na Robert Elmer na kupigwa chapa Princeton mwaka 1945, nacho kiliandikwa kwa ajili ya mtu avutaye, wala si kwa mwenye karakana. Na pamoja na milango ya kusimama, kushika na kulenga, kina milango ya upote na jinsi ya kuutia upindeni. Edward Morse, alipoandika mwaka 1885 juu ya namna mataifa yanavyoachia upote, wengine kwa kubana mshale kwa dole gumba na kidole, wengine kwa vidole vitatu, wengine kwa dole gumba lenye pete, alionyesha kwamba mahali mkono unapokutana na upote ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya mpiga mishale wa taifa moja na wa jingine. Otis Mason wa makumbusho ya taifa hapa hapa Washington, katika taarifa ya Smithsonian ya mwaka 1893, alipozieleza pinde za wenyeji wa Marekani hakuziacha pote zao nje ya maelezo. Waandishi hawa watatu hawakuwa wakiulilia ujana wa dunia. Walijua tu kwamba elimu ya kupiga mshale huanzia pale mkono unapoushika upote, na katika upinde wa kapi mahali pale ndipo kilipo kitanzi. Anayekitoa kitanzi katika elimu ya mpiga mishale ameiondolea elimu hiyo mlango wake wa kwanza.

Wako pia, nami nawataja kwa ukamilifu tu, wanaosema kwamba mabishano yote haya yamepitwa, kwa kuwa siku hizi vinauzwa vitanzi vya chuma, vinavyobanwa upoteni kwa parafujo na visivyochakaa. Havichakai ni kweli. Lakini huongeza uzito katikati ya upote, mahali ambapo kila chembe ya uzito huupunguzia mshale mbio, na parafujo ikilegea chuma hicho husuguana na uzi wa kinga. Mwenye kuvipenda na avitumie. Ila asidhani kwamba ameondokewa na kukagua, maana sasa atakagua vitu viwili.

Sasa nirudi kwa wenye maduka, ambao wengi wao ni watu wema, na baadhi yao, sharti nikiri, hufanya ninayoyataka bila kuombwa: humwita mteja nyuma ya meza, humpa kiberiti, humwonyesha. Kwa hao sina neno ila shukrani. Wengine nawaomba watazame mbele kidogo. Mwaka 2028, katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, upinde wa kapi utaingia kwa mara ya kwanza, katika mashindano ya timu za mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na baada ya watu kuuona katika televisheni watakuja madukani vijana wasioujua upinde kwa juu wala kwa chini, wakiwamo watoto wetu waliozaliwa huku. Tabia watakayopewa siku ya kwanza ndiyo watakayokaa nayo. Wakiambiwa "usiguse," hawatagusa, na hawatatazama.

Kwa hiyo naomba somo la kwanza ligeuzwe. Kabla mwanafunzi hajapewa mshale, apewe vipande kadhaa vya uzi, kiberiti na koleo, na upinde uliobanwa vema mezani. Afunge, avute kwa koleo, alifungue fundo lake alione, afunge tena mbele ya mwalimu mpaka mwalimu aridhike kukivuta kitanzi hicho kwa mkono wake mwenyewe. Atakayekuwa na fundo linaloteleza asiruhusiwe kuvuta upinde siku hiyo. Na wewe msomaji, ukiwa unao upinde wa kapi nyumbani, uchukue leo kabla hujalala, ukipapase kitanzi chake kwa ukucha wa dole gumba kutoka fundo la juu mpaka la chini, na kama mzingo umebatapa, kikate, ufunge kingine.